Vertex, Jazz au BioMarin: ni ukuta upi unaoilinda dawa?

Watu wengi wanaolinganisha kampuni za dawa za magonjwa adimu huanza kwa kuhesabu: hii ina dawa ngapi sokoni, ile ina ngapi majaribioni. Ukifuata hesabu hiyo, Vertex Pharmaceuticals ya Boston itashika mkia. Mwaka 2024 dawa yake moja, Trikafta, iliingiza dola bilioni 10.2 kati ya mapato ya dola bilioni 11. BioMarin ya California iliuza dawa nane mwaka huohuo, na hakuna hata moja iliyofikisha theluthi ya mapato yake. Jazz Pharmaceuticals, yenye makao Dublin, kwa kutegemea dawa moja iko katikati. Kwa kuhesabu tu ungechukua BioMarin, ukatulia.

Mimi singeanzia hapo. Riziki ya kampuni za aina hii haimo katika wingi wa dawa. Imo katika kile kinachomzuia mtu mwingine asiuze dawa ileile kesho kwa robo ya bei. Hicho ndicho ninachokiita ukuta, na kampuni hizi tatu zimejenga kuta za aina tatu tofauti kabisa. Anayetaka kuweka pesa zake kwenye mojawapo, au anayepewa kazi ya kuzichambua, atapata mengi zaidi kwa kuukagua ukuta kuliko kwa kuhesabu vyumba vilivyo ndani yake.

| | Vertex | Jazz | BioMarin |
|---|---|---|---|
| Mapato ya 2024 | dola bilioni 11.0 | dola bilioni 4.07 | dola bilioni 2.85 |
| Dawa kubwa | Trikafta, bilioni 10.2 | Xywav, bilioni 1.47 | Vimizim na Voxzogo, kila moja chini kidogo ya milioni 750 |
| Ukuta | hataza, na dawa inayofuata ya kampuni yenyewe | dawa iliyoboreshwa, mazoea ya matibabu, ununuzi wa kampuni nyingine | ugumu wa kutengeneza, udogo wa soko |
| Kinachotisha | ugonjwa mmoja unalisha nyumba nzima | deni, na dawa mpya za usingizi | washindani wa Voxzogo |

Bei za hisa sijazigusa kwa makusudi. Zinabadilika kabla wino haujakauka.

Sheria inawalinda wote, kwa hiyo si tofauti

Marekani ilipitisha sheria ya dawa za magonjwa adimu mwaka 1983. Ugonjwa unaowapata watu wasiozidi 200,000 nchini humo unaipa dawa yake haki ya kuuzwa bila mpinzani wa aina ileile kwa miaka saba tangu kuidhinishwa. Umoja wa Ulaya hutoa miaka kumi. Juu ya hapo kuna hataza, haki ya kisheria ya mvumbuzi kuzuia uvumbuzi wake usinakiliwe, ambayo ni miaka 20 tangu maombi yalipowasilishwa, ingawa sehemu kubwa ya miaka hiyo huliwa na majaribio kabla dawa haijauza hata kidonge kimoja.

Kampuni zote tatu zinakula sahani hiyo moja. Sheria ya mwaka 2022 iliyoipa serikali ya Marekani uwezo wa kujadili bei za dawa za wazee chini ya Medicare nayo iliziacha nje dawa zilizo na ugonjwa adimu mmoja tu, na mwaka 2025 kinga hiyo ikapanuliwa kwa dawa zinazotibu magonjwa adimu zaidi ya mmoja. Basi tusipoteze muda hapo.

Vertex: kampuni inayojipindua yenyewe

Kuielewa Vertex kunahitaji kurudi kwenye dawa ambayo haiuzi tena. Mei 2011 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha Incivek, dawa ya homa ya ini aina ya C. Katika miezi iliyobaki ya mwaka huo iliuza kwa zaidi ya dola milioni 900. Mwaka uliofuata ikavuka bilioni moja. Desemba 2013 Gilead ikaleta Sovaldi, iliyotibu vizuri zaidi na bila taabu nyingi, na kufikia 2014 Vertex ilikuwa imetangaza kuiondoa Incivek sokoni. Hataza ya Incivek ilikuwa hai, haijaguswa na mtu. Ilichokosa ni ubora. Hataza humzuia mtu kunakili dawa yako, lakini haimzuii kuleta iliyo bora.

Naamini funzo hilo ndilo lililoijenga Vertex tunayoiona leo. Ugonjwa uliobaki mikononi mwake ulikuwa sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mwili uwe mzito na kuziba mapafu na kongosho. Wagonjwa wake ni karibu laki moja katika nchi za Magharibi. Januari 2012 ilikuja Kalydeco, dawa ya kwanza kugusa chanzo cha ugonjwa badala ya dalili, lakini iliwafaa takriban asilimia 4 tu ya wagonjwa. Bei yake ilikuwa dola 294,000 kwa mwaka. Orkambi ikafuata 2015, Symdeko 2018, kisha Oktoba 2019 ikaja Trikafta, inayowafaa karibu wagonjwa tisa kati ya kumi. Kuanzia Symdeko, kila moja ilikula soko la iliyotangulia. Desemba 2024 ikaidhinishwa Alyftrek, ambayo humezwa mara moja kwa siku badala ya mara mbili, kwa bei ya orodha ya dola 370,269 kwa mwaka.

Hapo kuna jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka. Mwaka 2014 shirika la hisani la Cystic Fibrosis Foundation, lililochangia utafiti wa mwanzo, liliuza haki zake za mrabaha kwa Royalty Pharma kwa dola bilioni 3.3. Kila Trikafta inapouzwa, fungu fulani linaondoka. Mrabaha wa Alyftrek ni mdogo zaidi. Kwa hiyo mgonjwa anayehama kutoka Trikafta kwenda Alyftrek hubaki palepale kwa Vertex, lakini fungu linalobaki kwenye mfuko wa Vertex linaongezeka. Hata kama idadi ya wagonjwa haikui, faida inaweza kukua. Hataza za Trikafta Marekani zinafika 2037. Kwa Vertex huo ni muda wa kuwahamisha wagonjwa kwa starehe.

Ukuta huo una nyufa zake. Unasimama pale tu hataza iliposajiliwa: Argentina, kwa mfano, kampuni ya Gador hutengeneza dawa hizohizo kwa bei ya chini sana, na familia za wagonjwa kutoka nchi nyingine zimekuwa zikizifuata huko. Uingereza nayo ilibishana na Vertex kwa miaka kuhusu Orkambi kabla ya kufikia makubaliano Oktoba 2019. Bei ya namna hii huvutia wanasiasa kama sukari inavyovuta sisimizi.

Swali kubwa la Vertex basi halihusu sistiki fibrosisi. Ni kwamba pesa zote hizo zinaenda wapi. Mwaka 2024 kampuni yenye mapato ya bilioni 11 iliandika hasara ya zaidi ya dola milioni 500. Anayesoma mstari wa mwisho tu angekimbia. Sababu ni kwamba ilinunua Alpine Immune Sciences kwa dola bilioni 4.9, na sheria za uhasibu zikailazimisha kuandika sehemu kubwa ya ununuzi huo kama gharama ya utafiti papo hapo. Ilichonunua hasa ni povetacicept, dawa ya sindano ambayo kwanza inalenga ugonjwa wa figo unaosababishwa na kingamwili ya IgA. Mimi naihesabu kama dau lake lenye busara kuliko mengine yote, kwa sababu wagonjwa ni wengi, kipimo cha kwanza cha mafanikio ni protini kwenye mkojo, na kipimo hicho hupatikana bila kusubiri miaka.

Dau la pili ni Casgevy, tiba ya selimundu na thalasemia, magonjwa ya damu ya kurithi, waliyoitengeneza na CRISPR Therapeutics. Uingereza iliiidhinisha Novemba 2023, ya kwanza duniani ya CRISPR, teknolojia ya kuhariri jeni, na FDA ikafuata Desemba. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Lakini tazama safari ya mgonjwa mmoja. Seli shina zake huvunwa kutoka kwenye damu, wakati mwingine kwa zaidi ya mkupuo mmoja. Zinapelekwa kiwandani, zinahaririwa, zinapimwa, na miezi kadhaa inapita kabla hazijarudi. Kisha mgonjwa hulazwa, hupewa busulfani kufuta uboho wake wa zamani, hurudishiwa seli zake, na hubaki hospitali kwa wiki kadhaa akisubiri chembe zake za damu zipande. Wengi wanaopitia hilo hupoteza nywele, na wanawake wanaotaka watoto baadaye huhitaji kuhifadhi mayai kwanza. Kwa kujua hayo, hutashangaa kwamba mapato yake ya mwaka mzima wa 2024 yalikuwa dola milioni 10. Tiba inafanya kazi, ila inakua kwa mwendo wa kitanda cha hospitali, si kwa mwendo wa duka la dawa.

Journavx ni kinyume chake. Ni kidonge cha maumivu makali ya muda mfupi kilichoidhinishwa Januari 2025, kinachozuia njia ya sodiamu iitwayo NaV1.8 kwenye neva za pembezoni, kwa hiyo hakiufikii ubongo kwa namna dawa za jamii ya afyuni zinavyofanya na hakileti uraibu. Kidonge ni dola 15.50. Soko ni kubwa mno, lakini ni soko ambalo Vertex hailijui: inashindana na vidonge vya senti chache, na lazima iwashawishi wapasuaji na kampuni za bima mmoja baada ya mwingine. Jaribio lake kwa maumivu ya neva zinazotoka mgongoni, lililotangazwa Desemba 2024, lilionyesha nafuu, lakini waliopewa kidonge kisicho na dawa nao walipata nafuu karibu sawa. Hisa zikaanguka. Sioni Journavx ikibeba kampuni kabla ya miaka mingi kupita.

Jazz: saa ya kengele usiku wa manane

Ukitaka kuielewa Jazz, fikiria usiku wa mgonjwa wa nakolepsi, ugonjwa wa kusinzia mchana bila kujizuia, anayetumia Xyrem. Amekaa kitandani tayari, kwa sababu dawa humwangusha haraka. Anakunywa dozi ya kwanza ya maji yenye chumvi kali, analala, kisha kengele inamwamsha saa mbili na nusu hadi nne baadaye ili anywe ya pili. Kila usiku. Dawa yenyewe ni oksibeti ya sodiamu, kemikali ileile inayojulikana mitaani kama GHB, ndiyo maana Marekani huitoa kupitia mfumo maalumu wa udhibiti, na kwa miaka mingi duka moja tu la dawa ndilo lililoituma kwa wagonjwa wote nchini.

Wengi hudhani udhibiti huo ulikuwa mzigo. Ulikuwa ukuta pia. Anayetaka kuuza nakala alilazimika kujenga au kushiriki mfumo uleule, na Jazz ilikuwa na hataza juu ya mfumo wenyewe. Dawa hiyo haikutoka maabara za Jazz. Ilikuja mwaka 2005 kwa kununua Orphan Medical, na miaka miwili baadaye Jazz ililipa dola milioni 20 kumaliza kesi ya namna Xyrem ilivyokuwa ikitangazwa kwa matumizi yasiyoidhinishwa. Halafu Xyrem ikailisha kampuni kwa zaidi ya muongo mmoja. Mwaka 2020 iliuza dola bilioni 1.74.

Mwaka 2024 Xyrem iliuza dola milioni 234. Hebu simama kidogo kwenye tofauti hiyo, maana kampuni nyingi zingekufa. Jazz ilifanya mambo mawili. Kwanza, Julai 2020 iliidhinishiwa Xywav, oksibeti ileile yenye sodiamu pungufu kwa asilimia 92. Dozi ya juu ya Xyrem ilimpa mgonjwa miligramu 1,640 za sodiamu kwa usiku mmoja, na wagonjwa hawa hunywa dawa kwa miaka mingi, tena wengi wana hatari ya shinikizo la damu. Daktari hakuhitaji kushawishiwa sana. Pili, iliafikiana mapema na Hikma iuze nakala iliyoruhusiwa kuanzia Januari 2023, na kila nakala inapouzwa Jazz hupata mrabaha: dola milioni 218 mwaka 2024, karibu sawa na Xyrem yenyewe. Kwa hiyo wakati nakala zilipofika, wagonjwa wengi walikwishahamia kwenye chupa nyingine ya Jazz, na waliobaki bado walichangia.

Huo ni ustadi, sikatai. Lakini ni ukuta wa kuhamahama, na anayehama huweza kufuatwa. Mei 2023 Avadel iliidhinishiwa Lumryz, oksibeti ya kunywa mara moja tu kwa usiku. Hakuna kengele. FDA iliona kulala bila kuamshwa ni faida kubwa kiasi cha kuipa Lumryz kinga yake yenyewe ya ugonjwa adimu. Jazz ikaenda mahakamani dhidi ya FDA, ikashindwa 2024. Sehemu ya mapato ya Xywav sasa inatoka kwenye ugonjwa mwingine, wa usingizi mzito wa mchana usiojulikana chanzo, ambao Xywav ilikuwa ya kwanza kuidhinishiwa mwaka 2021.

Tishio kubwa zaidi linatoka kwingine. Nakolepsi ya aina ya kwanza hutokana na ukosefu wa oreksini, kemikali ya ubongo inayotuweka macho. Takeda inatengeneza kidonge, oveporexton, kinachoigiza oreksini hiyo, na majaribio yake ya awamu ya tatu yalitoa matokeo mazuri mwaka 2025. Hii ni Sovaldi ikiikaribia Incivek tena: mtu haji kunakili dawa yako, anakuja na wazo bora. Oksibeti huenda isipotee, maana wapo wanaohitaji usingizi mzuri wa usiku pia, lakini ningetarajia wagonjwa wapya waanzie kwingine.

Jazz inalijua hilo, na jibu lake siku zote limekuwa kununua. Ilinunua EUSA Pharma 2012, Gentium 2014, Celator 2016, na kubwa kuliko zote, GW Pharmaceuticals ya Uingereza mwaka 2021 kwa dola bilioni 7.2. Kutoka GW ilipata Epidiolex, dawa ya kifafa kikali cha utotoni na ya kwanza itokanayo na mmea wa bangi kuidhinishwa na FDA, 2018. Mwaka 2024 iliuza dola milioni 972. Ununuzi huo ulileta pia deni, ambalo mwishoni mwa 2024 lilikuwa bado juu ya dola bilioni 6, dhidi ya akiba ya takriban bilioni 3. Kampuni yenye deni la namna hiyo haiwezi kukosea mara mbili mfululizo.

Kilichonifanya niitazame Jazz kwa jicho jipya ni saratani. Rylaze na Zepzelca zilikwishakuwa biashara nzuri, lakini zanidatamab, iliyotoka Zymeworks na kuidhinishwa Novemba 2024 kwa saratani ya njia za nyongo kwa jina Ziihera, ina nafasi kubwa zaidi. Novemba 2025 jaribio lake kwa saratani ya tumbo na umio lilileta matokeo mazuri, na wagonjwa wa saratani hiyo ni wengi mno kuliko wa nyongo. Hapo ndipo Jazz inaweza kuacha kuwa kampuni ya usingizi. Mwaka huohuo ilinunua Chimerix kwa dola milioni 935 kupata dawa ya uvimbe adimu wa ubongo, na FDA iliiidhinisha ndani ya miezi michache. Ununuzi mdogo, wa haraka, unaoeleweka. Ningependa kuona mingi kama huo kuliko GW nyingine.

BioMarin: ukuta usio wa karatasi

BioMarin ndiyo inayonipa taabu kuiweka mahali. Nikiangalia dawa zake za zamani namwona mtu mwenye busara, nikiangalia Roctavian siamini kama ni mtu yuleyule.

Anza na zile za zamani, Naglazyme ya 2005 na Kuvan ya 2007. Zote ni za magonjwa ya kurithi yaliyo adimu, zote zilipata kinga ya kisheria, na kinga zote mbili ziliisha. Kuvan ni kemikali ndogo ya kumeza kwa ajili ya fenilketonuria, ugonjwa unaomfanya mtu ashindwe kuvunja kiungo kimojawapo cha protini. Kampuni ya Par ilileta nakala Oktoba 2020. Mapato yakashuka kutoka dola milioni 463 mwaka 2019 hadi milioni 121 mwaka 2024. Naglazyme ni kimeng'enya kinachozalishwa na seli hai ndani ya matangi, na hudungwa kwenye mshipa kila wiki kwa wagonjwa wachache waliotapakaa duniani. Mwaka 2024, miaka 19 tangu iidhinishwe, bado iliuza dola milioni 480. Ajenge nani kiwanda cha seli hai, afanye majaribio mapya, atafute madaktari nchi baada ya nchi, ili agawane wagonjwa wachache hivyo? Hakuna aliyejitokeza.

Huo ndio ukuta ninaoupenda kuliko yote katika ulinganisho huu, kwa sababu hauna tarehe ya kuisha iliyoandikwa mahali. Vimizim ya 2014 na Aldurazyme ya 2003 ziko nyuma ya ukuta uleule. Brineura, ya 2017, hudungwa moja kwa moja kwenye uwazi wa ubongo kila wiki mbili kupitia kifaa kilichopandikizwa chini ya ngozi ya kichwa cha mtoto. Jaribu kunakili biashara hiyo.

Hasara yake ni kwamba ukuta mdogo hulinda shamba dogo. Dawa hizi hazikui sana, na sehemu kubwa ya wateja ni serikali za nje ya Marekani zinazoagiza kwa mafungu, kwa hiyo robo moja ya mwaka hupanda na nyingine hushuka bila lolote kubadilika kwa wagonjwa. Anayeshtuka kila ripoti ya robo mwaka ya BioMarin hataishi na amani. Palynziq, sindano ya fenilketonuria iliyorithi nafasi ya Kuvan, ina kizuizi chake: inaweza kuleta mzio mkali wa ghafla, kiasi kwamba mgonjwa hutakiwa kutembea na sindano ya adrenalini popote aendapo.

Sasa Roctavian. Tiba ya jeni ya himofilia A, ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda, dozi moja, bei dola milioni 2.9 Marekani, iliidhinishwa Ulaya Agosti 2022 na Marekani Juni 2023. Ilitakiwa iipeleke BioMarin kwenye magonjwa yenye wagonjwa wengi. Mwaka 2024 iliuza dola milioni 26, na Agosti ya mwaka huo kampuni ikaamua kuishughulikia katika nchi tatu tu: Marekani, Ujerumani na Italia. Kosa halikuwa kwenye sayansi peke yake, ingawa nguvu ya tiba hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Wagonjwa wa himofilia A tayari walikuwa na sindano nzuri za kuzuia kutokwa damu. Nani atabadilisha kinachomfaa kwa kitu ambacho hakirudiwi na ambacho hakuna ajuaye kitadumu miaka mingapi? BioMarin ilitoka nje ya ukuta wake ikaenda kupigana uwanjani ambako wengine walikwishajenga.

Ukuaji wote sasa umewekwa juu ya Voxzogo, sindano ya kila siku kwa watoto wenye akondroplasia, aina ya ufupi wa kurithi iliyo ya kawaida kuliko nyingine. Iliidhinishwa 2021, na katika jaribio kubwa watoto waliotumia walikua wastani wa sentimita 1.57 zaidi kwa mwaka kuliko wasiotumia. Mwaka 2024 iliingiza dola milioni 735. Tatizo ni kwamba haimo nyuma ya ukuta ule wa Naglazyme. Wagonjwa ni wengi kidogo, faida ni kubwa, na kwa hiyo wapinzani wamekuja: Ascendis na sindano ya mara moja kwa wiki, BridgeBio na kidonge. Mweleze mzazi anayemchoma sindano mtoto wa miaka mitatu kila jioni kwamba kuna ya kila wiki, au ya kumeza. Jibu lake unalijua.

Ningechagua ipi, na kwa ajili ya nani

Kwa mtu anayetaka kushika hisa kwa miaka mingi bila kuzifuatilia kila siku, ningechukua Vertex. Si kwa sababu haina hatari, bali kwa sababu hatari yake kubwa, utegemezi wa ugonjwa mmoja, ni ya polepole: mwishoni mwa 2024 ilikuwa na takriban dola bilioni 11 za akiba, haina deni la kutisha, na imeonyesha mara tatu kwamba inaweza kuipindua dawa yake kabla mwingine hajaipindua. Povetacicept ikifaulu kwenye figo, utegemezi huo utapungua bila kelele. Isipofaulu, Vertex itabaki kuwa kampuni nzuri iliyolipia ununuzi mmoja kupita kiasi.

Jazz ningempa mwenye muda wa kusoma. Kinachoiamua ni mashindano ya muda kati ya mambo mawili: oreksini inakula Xywav kwa kasi gani, na zanidatamab inajaza pengo kwa kasi gani. Kila moja ina tarehe zake za maamuzi, na mwenye kuzifuata anaweza kugundua mapema upande unaoshinda. Asiyezifuata atajua siku hisa zimekwishasogea. Na kama kampuni itatangaza ununuzi mwingine wa mabilioni kabla deni la GW halijapungua vya kutosha, mimi ningetoka.

BioMarin kwa sasa ningeisubiri. Dawa zake za vimeng'enya peke yake ni biashara ambayo ningeinunua kwa furaha. Ninachokataa ni kulipia ukuaji wa Voxzogo kana kwamba uko salama. Anayeitaka aanze na mstari mmoja kwenye ripoti zake: idadi ya watoto wanaoanza Voxzogo nje ya Marekani. Huko hununuliwa zaidi na serikali, na serikali hazibadilishi dawa haraka kama wazazi wanavyotaka. Idadi hiyo ikiendelea kupanda hata baada ya sindano ya kila wiki kufika, nitakuwa nimeikadiria chini.